Hodi Tatu

Kwetu Maweni, hapa Malindi, hodi hupigwa tatu.
Ya kwanza, mwenye nyumba ajisitiri.
Ya pili, huenda yumo uani.
Ya tatu, na kimya kikizidi ni jibu tosha:
geuza viatu, nenda zako.

Ndivyo zilivyo seli za ngozi ya Bi Shee Muhaji,
tulizozitoa mkononi mwake, kipande kama punje ya kunde.
Nimezilaza chupani, joto la mwili,
ndani ya maji mekundu
kama rangi ya mabuyu inayobaki vidoleni.
Nikizinyima ute wa damu ya ndama, zinatulia.
Hazifi. Zinangoja kuitwa.
Hata zikiitwa, zikigusana bega zinakoma:
hapa ni kwa jirani.

Za uvimbe wake nilizinyima vilevile.
Ijumaa Nyevu akaandika tarehe kwenye chupa, tukafunga.
Jumapili stima ilikatika mara mbili.
Jumatatu nilitarajia maiti.

Maji yamegeuka manjano,
rangi ya chumba kimoja walimolala watu tisa.
Zimepandana, ghorofa juu ya ghorofa,
bila ramani, bila ngazi, bila kuulizana.
Nani kaziita?

Nyevu aliinamia darubini hadi kahawa yake ikapoa.
"Dada," akasema, "hizi zinajiitikia."

Seli inapiga hodi mlangoni pake,
inazunguka mbio kwa uani,
inajibu, "Karibu!"
Inaingia, inakula, inajigawa,
na wote wawili wanatoka kupiga hodi.
Neno na sikio, nyumba moja.

Tukayachuja yale maji ya manjano,
isibaki seli hata moja, libaki neno tupu,
tukazimiminia zile za ngozi zilizokuwa zimefunga.
Kesho yake, palipokuwa na mbili pana nne.
Sikupenda kuliandika hilo daftarini.
Nililiandika.

Kisha tukajaribu dawa ya kuziba sikio.
Neno likabaki kuelea majini,
hodi, hodi, hodi,
na kwa siku mbili chupa ilitulia.
Mbili tu ndizo nilizohesabu.
Tena chupa haina ini wala mapafu.
Bi Shee anavyo.

Alasiri akaja bintiye, Mwanakombo,
karatasi ya hospitali ameikunja mara nne,
akasimama nje ya mlango uliokuwa wazi.

Hodi.

Nilikuwa na glavu mikononi.

Hodi.

Nyevu akanitazama, akatazama chupa.
Glavu moja ilivuka. Ya pili ilinigandia kwa jasho.
Nikaenda nayo hivyohivyo,
nikasema "karibu"
kabla hajaifikia ya tatu.