Robo Ratili

Daktari wa meno alikuja na mchoro kwenye karatasi ya kufutia mdomo:
mtutu mnene kama mkono wangu,
tundu la kuingia kidole gumba na nafasi ikabaki.
"Nataka iwe kubwa kuliko zote humu Montana,"
akaweka malipo ya kwanza mezani, juu ya makombo ya mkate.
Baba hakumuuliza ya nini.
Fundi akiuliza ya nini, atakula nini?

Daftari nashika mimi, kwa hiyo nilipiga hesabu.
Robo ratili ya risasi kwa kila risasi moja.
Baruti nyeusi, vijiko vya chai vitano, vya kujaa.
Maganda hayauzwi dukani, sharti tuyakereze wenyewe
kutoka kwenye shaba njano, kila ganda siku nzima ya Baba.
Uzito kilo kumi na moja.
Nani ataipandisha mlimani?
Na akifika huko juu, ampige nani?
Kulungu wetu hufa kwa kitu chembamba kama penseli,
dubu analindwa na sheria,
nyati wako nyuma ya seng'enge ya akina Haugland
na namba masikioni.

Nikamsomea Baba yote hayo.
Akasema, "Nipe tupa."

Miezi minne mashine ilitafuna chuma.
Nyuzi za chuma, za buluu, zilinasa kwenye soksi
nikalala nazo.
Nikamwambia, angalau ipunguze uzito.
Akatikisa kichwa: uzito ndiyo huruma yake.
Nyepesi yenye tundu hilo
ingemvunja mwenyewe mtulinga
kama njiti ya kibiriti.
Kitako akakichonga kwa mjozi uliokaa darini
tangu mwaka waliooana na Mama,
ukingojea kitu ambacho hakikutajwa kamwe.
Hiyo sikuiandika kwenye daftari.

Machi, nyuma ya banda, mbele ya ukingo wa kokoto.
Ya kwanza tuliifunga kwenye tairi,
tukavuta kwa kamba tukiwa nyuma ya trekta.
Tairi lilihama.
Ya pili Baba akasema ni yake.
Miaka sabini na mmoja, goti moja la bandia.
"Usiegemee chochote," akanifundisha, kana kwamba ni zamu yangu,
"wala usilale kifudifudi. Bega lazima liwe na pa kukimbilia."

Halafu moshi tu,
na harufu ya mayai yaliyooza.

Ulipopasuka nikamwona ameketi thelujini,
kofia haipo, miguu imenyooka mbele
kama mtoto aliyeambiwa asubiri,
bunduki ameipakata.
Nikadhani amekufa.
Kumbe anacheka,
cheko nililodhani tulilizika Ekalaka
pamoja na mwenye mjozi.

Nikachukua koleo. Risasi ina bei.
Niliikuta ndani ya ukingo, bado ya moto,
ubavu umevimba kama uyoga.
Kwenye mizani ilikuwa imepoteza kitu kidogo kuliko senti.
Ikarudi sufuriani.

Aprili daktari wa meno alipiga simu.
Mkewe amesema. Daktari wa macho naye amesema:
pazia la jicho halitastahimili.
Malipo ya kwanza tubaki nayo.
Baba akamshukuru kwa sauti ya mtu aliyeponea chupuchupu.

Hakuna msumari unaoweza kuitundika.
Imelala kwenye meza ya kazi, chini ya gunia,
na wateja huiwekea vikombe juu.

Bega la Baba lilipita rangi zote, zambarau hadi manjano,
likapona, akaanza kuangalia kalenda.
Ni Machi ya tatu sasa, risasi ni ileile.
Mimi humimina baruti, hupungukiwa kijiko,
naye hujifanya hajaona.
Kwenye daftari safu ya faida iko wazi bado.

Kila mara, akiwa chini palepale,
huniuliza imezama kiasi gani,
nami, mwenye koleo,
humwongezea shubiri.