Jagi Lisilooshwa

Saa tisa usiku, Machi, theluji yenye maji
ikilipiga bati la zizi letu juu ya milima ya Wales,
Briallen akazaa.
Ndama jike, chepechepe, utando ukimning'inia sikioni
kama mtu aliyeamshwa kabla hajamaliza kuvaa.

Dang'a haitoki kama maziwa.
Inakuja polepole, nzito, manjano ya kiini cha yai,
inavutika kama asali isiyotaka kuachana na kijiko.
Nikakamua huku vidole vikirudiwa na joto.

Nilimpa ndama kidole kwanza.
Mkono mtupu haulambwi,
lakini ndama hajui methali:
alikinyonya kwa imani yote
mpaka nikamhamishia chuchu ya chupa.

Baba alinifundisha kuhesabu saa kabla ya lita.
Tumbo la ndama, alisema, ni nyumba
ambayo mlango wake uko wazi alfajiri moja tu.
Kinga ya mama hupita hapo.
Ikikuta komeo limeshuka,
mwagia pipa zima ukitaka: ni chakula tu.
Lita tatu, basi, kabla ya jua.
Akacheua kidogo. Akalala juu ya kiatu changu.

Chupa mbili zilikwenda kwenye friza,
kati ya njegere na samaki,
akiba ya yatima wa Aprili,
maana kila Aprili ina yatima wake.
Nyingine nikaitia sukari, kungumanga,
chumvi ya kubana kwa vidole viwili,
nikaisukuma tanurini. Haitaki yai, haitaki unga:
hujigandia yenyewe, kama mtu mwenye msimamo.
Mwanangu Ithel huiita jibini iliyosahau kuwa jibini,
kisha hula sahani mbili.

Huko mjini nimeiona ikiuzwa vidonge,
kopo dogo kwa bei ya gunia la pumba.
Eti huwapa nguvu wakimbiaji. Sijui.
Ninachojua, Briallen hakukimbia popote
alipokuwa akiitengeneza.

Iliyobaki niliimimina kwenye jagi la bluu
nikaipeleka kwa Tegwen, ng'ambo ya senyenge.
Miaka sita hatujasemezana,
tangu kesi ya senyenge hiyo hiyo.
Lakini dang'a ya kwanza hugawiwa majirani,
na mama hakuwahi kuniambia: isipokuwa wale walioshinda kesi.
Nililiacha kizingitini. Sikubisha.

Kuna sharti, na Tegwen alizaliwa nalo kama mimi:
jagi hurudishwa bila kuoshwa.
Ukilisugua, umemwosha ndama uhai wake.
Upuuzi, husema daktari wa mifugo.
Hata hivyo yeye pia hurudisha majagi machafu.

Siku ya tatu ndama akaharisha.
Nilikuwa zizini na ndoo ya maji ya chumvi na sukari
nilipoliona jagi limekaa juu ya nguzo.
Nilichungulia ndani kama anayefungua barua ya mahakama.

Mduara wa manjano, umekauka.
Mikwaruzo ya kijiko chini kabisa,
mahali ambapo mtu hukwangua
akiwa peke yake jikoni, hana wa kumwonea haya.

Kufikia Jumapili ndama alikuwa akipiga teke ndoo.
Jagi liko dirishani, bado chafu.
Senyenge nayo iko pale pale
alipoiweka yeye.