Mwenye Kipenga

Alhamisi, saa kumi, ghorofa ya tatu.
Lifti imekwama tena, napanda kwa miguu,
goti la kushoto likinisuta kila ngazi.
Daktari Ferrarotti ananikaribisha kwa kibuyu kidogo,
chai chungu, mrija wa bati.
"Leo umekuja na nani, Nélida?"
Mwezi wa kwanza nilidhani ananikejeli.
Niligeuka nyuma: mlango, kitasa, koti langu.

Miaka ishirini na sita nilikuwa mwamuzi wa mpira wa wavu,
Rosario, Santa Fe, mara moja Asunción.
Juu ya kile kiti kirefu niliona yote:
kidole kilichogusa wavu,
unyayo uliolamba mstari.
Sikumwona aliyeketi ndani yangu
na kipenga kikubwa kuliko changu.

Yeye hapumziki. Nikicheka sana, anapuliza.
Binti yangu Mirna akipiga simu, nikitaka kusema
njoo, nina hamu nawe — prrr! —
naishia kumuuliza bei ya gesi.

Namchukia, nilisema. Mtoe.
Daktari akasogeza kiti. "Muulize anaogopa nini."
Ati nimuulize! Mimi, bibi wa miaka sitini na minne,
nizungumze na kipenga?
Nikafumba macho ili tumalize.

Kimya. Kibuyu kikapoa mkononi.
Kisha harufu:
mafuta ya cherehani, maganda ya machungwa.
Duka la baba. Chini ya meza ya kukatia nguo
mtoto kajikunyata, soksi mguu mmoja,
na huko juu baba anavunja viti
akiita jina la mama.
Mtoto kaziba mdomo kwa viganja viwili.
Na mbele yake, kamkingia mgongo,
kasimama huyo wangu, mwembamba,
hajatimiza hata miaka kumi,
kipenga mdomoni:
shh. Tukisikika, tumekwisha.

Kumbe alikuwa lindoni.
Miaka hamsini na mitano, bila wa kumpokea zamu.

Sikulia. Nilimwambia tu
kama tulivyoambiana waamuzi mechi ikiisha:
umesimama vya kutosha, mwenzangu, keti.
Hakuketi. Alinitazama viatu.
Lakini kipenga alikitoa mdomoni,
akakifuta kwa pindo la shati.

Usiku simu ikalia. Mirna.
Nikasema, njo—
nikasikia pumzi ikivutwa humo ndani,
mashavu yakijaa.
Nikangoja.
Naye akangoja.
"Mama? Upo?"

Tupo, nikasema.