Harufu ya Pesa

Steinvåg, mwisho wa ramani ya Norwei,
ambako jua huaga Novemba na kurudi Januari bila kuomba radhi,
chewa hufungwa wawili wawili, mkia kwa mkia,
wakaanikwa kwenye chanja ndefu kuliko kanisa.
Upepo ukigeuka, mji mzima hunuka.
Watu huvuta pumzi hadi tumboni, husema:
harufu ya pesa.

Siku Mama alipotia haradali kwenye mafuta ya moto,
mbegu zikaruka, zikagonga kifuniko,
Bi Gunnvor wa ghorofa ya juu alibandika karatasi mlangoni:
*Tafadhali. Tunaanika nguo. Tuna mapafu.*
Hiyo haikuwa ya pesa.

Mama aliikunja mara nne
akaiweka chini ya mguu mfupi wa meza.
Meza ikatulia. Tukala.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
hawa hawakungoja hata ya pili.
Walimpa kisu chembamba, aproni ya mpira,
buti zilizomzidi saizi tatu,
na jina. Thavamalar liliwachosha ndimi,
kwenye kadi ya zamu wakaandika Tove.
Miaka kumi na tisa Tove alipasua samaki
na Thavamalar akamsubiri getini
kama mama anayemsubiri mtoto atoke shule.

Jembe walitupa. Ugeni hawakuja kuuchukua.

Baba, mwalimu wa hesabu kule Jaffna kabla ya mabomu,
alihesabu masanduku.
Kilo ishirini ni kilo ishirini, Yalini, aliniambia.
Namba haina lafudhi.
Usiku usio na giza, mwezi wa Juni,
alikaa jikoni na kalamu nyekundu
akisahihisha madaftari ambayo hayakuwepo.

Siku ya taifa niliandamana na bendi, nikipuliza tarumbeta,
theluji ikitunyeshea Mei kumi na saba.
Kando ya barabara mzee alimwuliza mwenzake, si kwa kunong'ona:
Na hawa, wanasherehekea nini?
Nilikosea noti moja.
Moja tu.

Kisha samaki wakaanza kupakiwa melini
kwenda Uchina kukatwa, na kurudi.
Samaki, yeye, huenda na kurudi.
Vijana wa Steinvåg wakashuka kusini mmoja mmoja,
darasa likabaki na watoto kumi na mmoja,
saba wetu.
Diwani akaja na keki ya malai. Msiondoke, alisema,
nyinyi ni watu wetu.
Nyuma yake Bi Gunnvor, chupa ya chai kwapani.
Mama akawakaangia. Bi Gunnvor alikula, akakohoa,
akafuta machozi kwa mkono wa sweta,
akasogeza sahani aongezwe.
Nami nilikuwa nahesabu, mtoto wa baba yangu:
je, tungekuwa watu wao
kama viti vingekuwa vimejaa?

Tuliondoka hata hivyo.

Oslo huniuliza: Unatoka wapi?
Steinvåg, nasema, kwa irabu pana za kule.
Hapana. Hasa hasa?
Wengine hucheka: Eh, unaongea kama mvua samaki!
Basi nina makosa mawili:
ngozi ya mashariki, ulimi wa kaskazini.
La kwanza nilizaliwa nalo. La pili
nililichuma mwenyewe, na siliuzi.

Kila Februari posta huleta furushi la gazeti,
chewa mkavu kama kuni, mwandiko wa Bi Gunnvor uliopinda.
Juu yake ameandika Thavamalar.
Amekosea herufi moja.
Mama humloweka samaki siku tatu,
humpika kwa ukwaju.

Juzi mlango uligongwa. Kijana wa chini,
shati jeupe, kitambaa puani.
Samahani, mama, hiyo harufu...

Mama alimtazama kuanzia viatu.
Akamjibu kwa lafudhi nzito ya Steinvåg,
mwiko bado mkononi:

Ya pesa, mwanangu.

Akafunga mlango, polepole, kwa adabu.