Chini ya Mpira wa Mlango

Ijumaa, Wadi Kabiri, saa moja asubuhi,
na mabati ya magari yameshaanza kuungua.
Kaka yangu Azzani kaja na kurunzi
na sumaku aliyoifunga katika leso
isije ikachubua rangi ya watu.
Mimi nimekuja na pesa,
na usingizi wa zamu ya usiku ambao sijaulala.

"Nyeupe," anasema, hata hatujashuka.
"Nyeupe haishiki joto. Nyeupe haionyeshi vumbi.
Na siku ukitaka kuuza, jeupe linauzika."
Anahesabu kwa vidole kama mtu aliye katika uradi.

Azzani, nyeupe nimeivaa miaka ishirini na sita.
Nimeifua, nimeipiga pasi,
nimeitoa damu kwa maji baridi na chumvi.
Viatu vyeupe, soksi nyeupe, na nyumba yenyewe ya Al Khodh
nyeupe, nje na ndani, kwa kanuni za manispaa.
Nipe mwaka mmoja wa kitu kingine.

La kwanza jeusi. Tunalipita.
Jeusi, mwezi wa saba, Maskati:
hilo si gari, ni tanuri lenye bima.
La pili rangi ya majivu, milango miwili, paa la kioo.
Muuzaji analisifia paa: utaona nyota.
Mwanangu, nyota nimeziona, kila saa tisa ya usiku,
kwenye dirisha la wodi ya mifupa.
Nionyeshe kivuli.

Viti vya ngozi? Nimekalia kimoja kwa sekunde nne
nikainuka kama niliyeitwa kwa jina.
Vya kitambaa, basi.
Bawa la nyuma? Azzani anasema
linaligandamiza gari chini likienda kasi.
Mimi naona pa kuanikia leso.
Gia za mkono. Hapo sibishani na mtu:
mkono uliozoea kutafuta mshipa gizani
hautakaa bure juu ya paja.

Kisha lile, mwisho wa safu, karibu na muuza chai ya maziwa.
Jekundu. Si la nyanya, wala la taa ya breki;
jekundu la komamanga la Jabal Akhdhar
lililopasuka lenyewe.
Azzani anapitisha sumaku: ubavu, boneti, ubavu.
Inanata kote. "Halina plasta," anasema,
neno langu hilo, kaniibia.
Mimi nagonga kwa vidole viwili, kama tunavyogonga kifua,
nasikiliza penye maji.
Hamna maji.

Ndipo nikavuta mpira wa mlango,
taratibu, upande mmoja, kama unavyobandua bandeji
mgonjwa asijue umeanza.
Chini yake: nyeupe.

Azzani akanyamaza. Kisha, kwa Kiswahili, muuzaji asielewe:
"Limepakwa. Tuondoke, Thuweba. Linaficha kitu."
Na muuzaji, kwa Kiswahili cha Tanga
alichoachiwa na mama yake:
"Halifichi, mjomba. Lilichoka."

Nikacheka hadi mtandio ukaniponyoka.
Sikumwambia kwa nini. Bei ni bei:
nikautia uso msiba, nikamwonyesha ule mstari mweupe kwa kidole,
akapunguza riali mia tatu na hamsini
na mazulia ya miguuni bure.

Jumapili, ofisi ya polisi wa barabarani.
Binti wa dirishani anasoma mulkiya: "Rangi, nyeupe."
Anatazama nje, kwenye maegesho. Anarudi.
"Hii ibadilishwe?"
Nimetoka zamu, sare bado iko mwilini.
"Ibadilishe."
Aandike ipi?
Nyuma yangu foleni inakohoa.
Nainamia kioo chake:
kwenye orodha hamna komamanga.
"Nyekundu," nasema. "Lakini bonyeza kwa nguvu."