Doti ya Themanini

Nimeuza doti sabini na tisa, Wete mpaka Limbani:
kanga za njano, punda katikati,
na jina nililolitunga usiku umeme umekatika:
SHUKRANI YA PUNDA SI MATEKE.

Wanawake husoma, hucheka, ndipo waulize bei.
Bi Mwanakombo kakopa; atalipa karafuu zikikauka.

Doti moja ni pumba za siku mbili,
au dawa ya kwato,
au zamu ya Raya, ambaye shingo yake haitulii
ila mgongoni kwa Kishindo.

Jana kakaa wima hatua kumi na moja.
Si mimi niliyehesabu.
Kahesabu mwenyewe, kwa sauti,
mtoto tuliyeambiwa hasemi.

Doti ya themanini siiuzi.
Kajitanda nayo mamake,
hata kupindwa bado.