Vidonge Vinne

Saa mbili unusu, Ngara, kwenye ngazi za kliniki ya meno,
nameza vidonge vinne kwa chai iliyopoa.
Kemunto wa mapokezi ananicheka:
"Jino moja tu, mama, na dozi yote hiyo?"

Sikumweleza
koo lililoniuma nikiwa darasa la nne,
nikasukutua maji ya chumvi, nikarudishwa shule.
Koo lilipona. Moyo ukabaki na deni.

Sasa nina mlango wa chuma kifuani.
Usiku Otwori hugeuka: "Hebu zima hiyo saa."
Na damu ya ufizi haipigi hodi,
huingia na wageni wa mdomoni.

Basi naketi, saa moja itimie.
Chini, fundi wa funguo ameshika kufuli lililogoma.
Anagonga.
Nami nagonga.